Ganda Jembamba na Mgawanyo wa Upepo: Hotuba kwa Wahandisi Vijana wa Miundo

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, wahandisi wenzangu, na ninyi vijana mliomaliza chuo juzi na tayari mmekabidhiwa kompyuta na michoro ya matangi: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuingiza mabamba yaliyopinda na mizigo ya upepo kwenye programu za uchambuzi wa miundo. Sitawapitisha kitufe kwa kitufe. Vitufe vya SAP2000 si vya STAAD.Pro, na vya mwaka huu huenda mwaka ujao vikawa vimehamishwa. Nataka kuzungumzia jambo moja linalonikosesha raha kila ninapopitia hesabu za matangi, maghala ya saruji na mapaa ya mviringo. Tunahangaika sana na jumla ya nguvu ya upepo, lakini mgawanyo wake juu ya ganda, yaani ukuta mwembamba uliopinda, tunaupita haraka. Na ganda jembamba, wenzangu, huangushwa na mgawanyo.

Niruhusuni nianzie Uingereza, kwa sababu huko ndiko somo hili lilikolipiwa kwa gharama kubwa.

Jumatatu, tarehe 1 Novemba 1965, upepo mkali ulivuma Yorkshire. Pale Ferrybridge kulikuwa kunajengwa kituo kikubwa cha kufua umeme kwa makaa ya mawe, chenye minara minane ya kupoozea maji, iliyopangwa safu mbili, minne kwa minne. Kila mnara ulikuwa na urefu wa mita 114: ganda la zege lililobana kiunoni na kupanuka chini na juu, nene kama milimita 127 tu kwenye sehemu kubwa ya ukuta, na nondo zake zimepangwa tabaka moja katikati. Asubuhi ile minara mitatu ilianguka, mmoja baada ya mwingine. Mitano iliyobaki ilisimama, ikiwa na majeraha.

Sasa sikilizeni vizuri. Minara iliyoanguka ilikuwa ya safu ya nyuma. Ile iliyopigwa na upepo kwanza, upande wa joshi kama wasemavyo manahodha wetu, ilisimama. Iliyokuwa demanini, imejikinga nyuma ya wenzake, ndiyo iliyoporomoka. Mtu yeyote angebashiri kinyume chake. Lakini upepo ukipita katikati ya minara iliyo karibu karibu hubanwa, huongeza kasi, kisha hutoka ukiwa na mizunguko na vipigo visivyotabirika, na vipigo hivyo ndivyo vilivyowafikia wa nyuma. Majaribio kwenye handaki la upepo, chumba cha maabara ambamo modeli ndogo hupulizwa upepo, kabla ya ujenzi yalikuwa yamefanywa kwa mnara mmoja ukiwa peke yake.

Tume ya uchunguzi iliyoteuliwa na shirika la umeme la wakati ule ilitoa ripoti mwaka 1966. Pamoja na suala hilo la kundi la minara, ilionekana kwamba kasi ya upepo iliyotumika kwenye usanifu ilikuwa ya wastani wa dakika moja. Ganda la aina ile halisubiri dakika nzima. Kipigo cha sekunde chache kinatosha, na kipigo cha sekunde chache huwa na kasi kubwa kuliko wastani wa dakika.

Kuna jambo la tatu, na hili ndilo ninalotaka mlikamate, kwa sababu linajificha ndani ya programu zenu hadi leo. Upepo unapousukuma mnara, upande wa joshi unataka kuinuka. Uzito wa zege unaushikilia chini. Kinachobaki kwa nondo kubeba ni tofauti ya hivyo viwili. Tuseme uzito unakandamiza kwa 100 na upepo unainua kwa 110. Nondo inavutwa kwa 10. Sasa shinikizo la upepo lipande kwa asilimia 20, na kumbukeni shinikizo hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo kasi yenyewe haijapanda hata kwa asilimia 10. Kuinua kunakuwa 132. Uzito haujaongezeka, bado 100. Nondo sasa inavutwa kwa 32. Mzigo umepanda kwa sehemu ya tano, na nondo imebeba zaidi ya mara tatu ya ilichokuwa inabeba.

Hesabu za Ferrybridge zilifuata utaratibu wa zamani, ule wa kuchukua mizigo yote kama ilivyo, kupata tofauti, kisha kulinganisha mkazo wa nondo na mkazo unaoruhusiwa. Akiba ya usalama ilikuwa kwenye chuma. Kwenye upepo wenyewe haikuwepo, na upepo ndio ulioongezeka.

Kijana atasema: mzee, leo tunatumia vizidishi vya mizigo, hilo limekwisha. Halijaisha. Fungueni orodha ya michanganyiko ya mizigo ambayo programu imejitengenezea yenyewe. Mara nyingi mtakuta uzito wa jengo umezidishwa kwa 1.35 au 1.4 kila mahali, pamoja na pale upepo unapoingia. Kwa boriti ya sakafu hiyo ni tahadhari nzuri. Kwa ganda linaloinuliwa na upepo ni kinyume cha tahadhari, maana umeongezea uzito unaokusaidia, uzito ambao haupo. Lazima uwepo mchanganyiko ambao uzito umezidishwa kwa 1.0 au 0.9, na upepo umepewa kizidishi chake kamili. Kama programu haikuuweka, uweke kwa mkono wako.

Nimesema hayo kuhusu zege. Sasa twende kwenye chuma, ambako wengi wenu mtafanya kazi, kwa sababu matangi ndiyo yanayojengwa. Angalieni Kurasini na Kigamboni, angalieni Kipevu kule Mombasa, angalieni Chongoleani, Tanga, ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia. Kila mahali hapo kuna maganda membamba ya chuma yaliyosimama karibu na bahari.

Tuchukue tangi moja la mfano, tukae nalo hadi mwisho. Kipenyo mita 20, kimo mita 12, bamba la ukuta milimita 6. Milimita 6 sikuitoa hewani: ndiyo unene wa chini ambao kanuni ya Marekani ya matangi ya mafuta, API 650, inauruhusu kwa matangi ya kipenyo cha kuanzia mita 15 hadi chini ya 36. Mabamba ya chini yatakuwa mazito zaidi kwa sababu ya mafuta, lakini ya juu mara nyingi yataishia hapo.

Programu nyingi tunazotumia hazina bamba lililopinda kwelikweli. Zina bamba bapa lenye nodi, yaani pointi za kona, tatu au nne, na mduara unaundwa kwa kuunganisha mabamba bapa mengi. Wazo hili si baya. Limetubeba tangu Ray Clough alipolipa jina la elementi finiti, yaani vipande vidogo vinavyounda umbo zima, mwaka 1960, na Edward Wilson alipotoa programu ya SAP ya kwanza pale chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1970. Lakini lina masharti yake.

Ukichora tangi letu kwa vipande 16 kuzunguka, katikati ya kila kipande bamba lako limeingia ndani ya mduara wa kweli kwa milimita 192. Ukuta una milimita 6, umbo limekosewa kwa mara 32 ya unene wake. Ukitumia vipande 72, nyuzi 5 kila kimoja, kosa linashuka hadi milimita 9.5. Hapo tunaanza kuzungumza.

Na madhara yake si ya macho tu. Tangi la duara likisukumwa kutoka ndani kwa shinikizo sawa la kilopaskali 1, ukuta unavutwa kuzunguka kwa mkazo wa megapaskali 1.7 hivi, basi. Halipindi popote. Lakini tangi lako la pembe 16 lina kuta bapa zenye upana wa mita 3.9, na kila ukuta unajipinda kama boriti iliyoshikwa ncha zote mbili. Chukua shinikizo mara mraba wa upana, gawanya kwa 12, utapata momenti, yaani nguvu ya kupinda, kwenye kila kona. Kwa bamba la milimita 6 momenti hiyo ni mkazo wa zaidi ya megapaskali 200. Kutoka 1.7 hadi 200! Mkazo huo haupo kwenye tangi. Upo kwenye mchoro wako. Kwa vipande 72 unashuka hadi kama 11, kwa sababu unafuata mraba wa upana.

Hapa pana mtego ambao nimewaona vijana hodari wakiingia. Anachora pembe 16, anaona rangi nyekundu ya mkazo mkubwa kwenye kona, anaambiwa "meshi yako, yaani mgawanyo wa vipande, ni kubwa, igawe." Anachagua kila bamba na kuamuru programu iligawe mara kumi kwa kumi. Sasa ana maelfu ya elementi, kompyuta inafanya kazi muda mrefu, na rangi nyekundu bado ipo, tena imekoza. Kwa nini? Kwa sababu programu imegawa bamba bapa kuwa vibamba bapa vilivyolala kwenye mstari ule ule ulionyooka. Nodi mpya zimekaa kwenye mstari, hazikupanda kwenye mduara. Amelipata jibu sahihi kabisa la tangi la pembe 16, na hakuna fundi anayelijenga tangi hilo. Tengenezeni nodi kwanza, kwa mfumo wa silinda: nusu kipenyo, pembe, kimo. Nodi zote zikishakaa kwenye mduara, ndipo mabamba yafuate.

Nikiwa hapo hapo kwenye modeli, kabla upepo haujagusa chochote, naomba kila mmoja wenu awe na desturi ya jaribio moja. Weka shinikizo sawa la kilopaskali 1 kutoka ndani, kwenye mabamba yote ya ukuta. Endesha. Kisha tazama vitu viwili. Cha kwanza, jumla ya nguvu za mlalo kwenye misingi: lazima iwe sifuri, kwa sababu duara lililofungwa likisukumwa sawa pande zote haliendi popote. Cha pili, nguvu ya kuvuta kuzunguka ukuta, mbali kidogo na sakafu: lazima iwe shinikizo mara nusu kipenyo, yaani kilonyutoni 10 kwa kila mita.

Jaribio hili la dakika chache linafichua ugonjwa ambao hauonekani kwa macho: mabamba yaliyogeuka. Kila bamba kwenye programu lina mhimili wake linalouita wa nje, na mhimili huo unategemea ulianza na nodi ipi na ulizungukia upande gani ulipolichora. Ukinakili, ukiakisi, ukiunganisha vipande vilivyochorwa na watu wawili, baadhi ya mabamba yanatazama ndani na mengine nje. Wewe unaandika "shinikizo kuelekea ndani," programu inatii, na kwa yale yaliyogeuka inasukuma nje. Bamba moja tu la kimo cha mita 1 kwenye tangi letu likigeuka, jumla ya misingi haitakuwa sifuri. Itakuwa kilonyutoni 1.74, yaani mara mbili ya nguvu ya bamba lile, kuelekea upande wa pili. Namba ndogo, lakini inakuambia kuna kitu.

Sasa upepo wenyewe.

Kwanza ulizeni kasi mliyopewa ni ya wastani wa muda gani. Wengi wetu tulilelewa kwenye kanuni za Uingereza, CP3 ya mwaka 1972, ambayo kasi yake ya msingi ni ya kipigo cha sekunde 3. Wamarekani nao, kwenye ASCE 7, wanatumia sekunde 3. Eurocode, yaani kanuni za Ulaya, inatumia wastani wa dakika 10, halafu inaongeza athari ya vipigo ndani ya hesabu. Upepo ule ule mmoja unaweza kuandikwa mita 28 kwa sekunde kwenye kitabu kimoja na mita 40 kwenye kingine, na vyote vikawa vya kweli. Zidisha mraba kwa 0.613: wa kwanza unakupa paskali 481, wa pili 981. Ukichukua kasi ya dakika 10 ukaitia kwenye fomula inayotarajia sekunde 3, umekata upepo nusu bila kujua, na programu haitakuuliza. Hilo ni jeraha lile lile la Ferrybridge. Kwenye ukurasa wa kwanza wa hesabu, kando ya kasi, andikeni muda wake wa wastani. Ukipewa namba na mamlaka yoyote bila muda huo, rudi ukaulize.

Pili ni mgawanyo. Upepo ukilikuta tangi, unalisukuma mbele, na kadiri unavyozunguka ubavuni unaongeza kasi na kuanza kufyonza. Mbele kabisa, pale unapogonga moja kwa moja, kizidishi cha shinikizo ni 1.0. Ukisogea nyuzi kati ya 30 na 40 kutoka hapo kimeshuka hadi sifuri. Ubavuni, kwenye nyuzi 75 hadi 85, Eurocode inakupa mfyonzo wa kati ya 1.5 na 2.2 kwa silinda ndefu, kutegemea ukubwa wa silinda na kasi ya upepo. Kwa tangi fupi unapungua, lakini bado ndio mkubwa kuliko wote. Kisogoni, baada ya upepo kuachana na ukuta, kunabaki mfyonzo mdogo wa kati ya 0.4 na 0.8.

Tazameni vizuri: eneo linalosukumwa ni dogo. Sehemu kubwa ya ukuta inavutwa nje. Mfyonzo wa ubavu wa kulia na wa kushoto unafutana kwenye jumla. Kwa hiyo ukilichukua tangi letu, upepo wa kilopaskali 1, kizidishi cha jumla 0.7, eneo la mita 20 kwa 12, unapata kilonyutoni 168 kwenye misingi, na namba hiyo ni sahihi kabisa. Lakini haina habari yoyote kuhusu mbavu mbili zinazovutwa kila moja upande wake huku kifua kikisukumwa ndani. Misingi haijui. Ganda linajua.

Ndiyo maana nawaonya kuhusu ule utaratibu wa "upepo wa moja kwa moja" uliomo kwenye baadhi ya programu, yaani upepo ambao programu inajiwekea yenyewe. Umetengenezwa kwa ajili ya majengo yenye kuta bapa. Unachukua sura ya jengo kama kivuli kwenye ukuta, unazidisha kwa shinikizo, unasukuma. Kwa nguvu za misingi utakupa kitu kinachokaribia ukweli ukiweka kizidishi sahihi. Kwa mkazo wa ndani ya ganda utakudanganya, kwa sababu ubavuni hauweki kitu na mfyonzo hauujui.

Njia ya kweli inachosha kidogo mara ya kwanza. Pangeni mabamba kwa makundi ya pembe. Kwa vipande 72, kundi la kwanza liwe lile ambalo katikati yake panatazama upepo, kisha kila nyuzi 5 kundi jingine. Kwa kuwa kulia na kushoto ni sawa, ni thamani 37 tu, kutoka sifuri hadi nyuzi 180. Zitayarishwe kwenye jedwali, zinakiliwe, zibandikwe. Baada ya kuendesha, rudini kwenye misingi: je, jumla inakaribiana na ile ya mkono? Ikiwa hapana, msisonge mbele. Halafu washeni mishale ya mizigo kwenye skrini na mzunguke tangi taratibu. Mishale ya mbele iingie, ya ubavuni itoke, ya nyuma itoke kidogo. Jicho lenu likiona mshale mmoja umepinga wenzake, hapo pana bamba lililogeuka.

Nafika sasa kwenye sehemu ambayo ingekuwa amri yangu ningeitumia saa nzima.

Tuseme tangi letu liko kwenye ujenzi. Ukuta umefika juu, paa bado. Upepo wa kilopaskali 1 unasukuma mbele kwa 1.0, na kwa kuwa juu ni wazi, hewa ya ndani inafyonzwa, tuchukue 0.6. Vyote viwili vinausukuma ukuta wa joshi kuelekea ndani: jumla kilopaskali 1.6. Mnaendesha uchambuzi wa kawaida. Mkazo wa kukandamiza kuzunguka ukuta ni shinikizo mara nusu kipenyo, gawanya kwa unene: megapaskali 2.7. Chuma cha kawaida kina kikomo cha 250. Umetumia asilimia 1. Hata ukiongeza kupinda kidogo huku na kule, skrini yote ni ya kijani. Mnachapisha, mnapiga mhuri.

Tangi hilo litabonyea.

Mkazo wake ni mdogo kweli, na chuma hakijachoka. Lakini umbo lenyewe haliwezi kuendelea kuwa duara. Debe la mafuta lenu la nyumbani mnalijua: likijaa unalibeba, likiwa tupu kidole kinalibonyeza. Kwa silinda iliyoshikwa duara juu na chini, shinikizo la nje linaloanza kuibonyeza linakadiriwa kwa 0.92 mara ugumu wa chuma, mara uwiano wa nusu kipenyo kwa kimo, mara uwiano wa unene kwa nusu kipenyo uliopandishwa kwa kipeo cha 2.5. Kwa tangi letu inatoka kilopaskali 1.35 hivi, na hiyo ni kwa duara kamili, bila kasoro ya kuchomelea, na juu kumeshikwa imara. Tangi letu juu ni wazi. Ni kweli upepo hausukumi pande zote sawasawa, kwa hiyo athari yake ni ndogo kuliko shinikizo sawa la 1.6, kanuni zinakuruhusu kupunguza. Lakini kanuni hizo hizo zinakutaka upunguze na nguvu ya ganda kwa ajili ya kasoro za umbo, na punguzo hilo ni kubwa. Hesabu haifungi.

Angalieni kile kipeo cha 2.5. Bamba la milimita 8 badala ya 6 lingekupa kilopaskali 2.8. Ukitoka 8 kwenda 6 umepunguza robo ya chuma na umepoteza zaidi ya nusu ya uwezo. Msimamizi wa mradi akija na hoja ya kuokoa milimita 2, mwonyesheni namba hizo mbili kwenye karatasi moja.

Dawa ya kubonyea inajulikana na ni nafuu: pete ya kukazia, chuma cha pembe kinachozungushwa ukuta karibu na ukingo wa juu, na nyingine katikati ukuta ukiwa mrefu. Kwa kugawa kimo, pete moja ya katikati inaongeza uwezo wa ukuta karibu mara mbili. API 650 inaidai kwa matangi yasiyo na paa. Ninachowaomba ni kuidai pia kwa muda, kwenye tangi lenye paa, kabla ya paa kufika. Marekani na visiwa vya Karibi vimepiga picha nyingi za matangi yaliyokunjamana baada ya vimbunga, Georges wa 1998 na Katrina wa 2005 wakiwemo, na mara nyingi yaliyokunjamana ni yale yaliyokuwa matupu au yenye mafuta kidogo.

Kwenye programu, tafuteni uchambuzi wa kubonyea. Zote kubwa zinao. Lakini msiuendeshe kwa meshi ile ile. Ganda la tangi letu litabonyea kwa mawimbi takribani 16 kuzunguka. Vipande 72 ni vipande vinne na nusu kwa wimbi, na wimbi halichoreki kwa vipande vinne na nusu. Programu itaona ganda gumu kuliko lilivyo. Ongezeni hadi 144, kisha 288, mtazame jibu linatulia wapi. Na mkishapata jibu lililotulia, kumbukeni ni la duara kamili. Ingizeni kasoro: lisogezeni ganda kidogo kufuata umbo la wimbi la kwanza, kiasi ambacho fundi wenu anaweza kweli kukikosea, na muendeshe tena kwa uchambuzi unaofuatilia umbo linavyobadilika.

Kuna wanaoniambia pwani yetu haina vimbunga, hayo ni ya Karibi. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu kwa mashamba. Aprili 1952 kingine kilitua Lindi. Mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya alifika Mafia. Ni nadra, lakini tangi linakaa miongo. Na hata bila kimbunga, zile pepo za mvua zinazotangulia masika, zinazong'oa mabati kwa dakika mbili na kupita, ni vipigo vya sekunde chache hasa, vile ambavyo wastani wa dakika 10 kwenye kituo cha hali ya hewa hauvionyeshi.

Na matangi yetu hayajengwi peke yake. Yanajengwa kwa makundi, safu kwa safu, umbali wake ukiwa umeamuliwa na kanuni za moto. Sijaona hesabu nyingi hapa kwetu zinazouliza safu ya mbele inaifanyia nini safu ya nyuma. Vizidishi vya vitabuni ni vya silinda iliyosimama yenyewe. Kwa mradi mkubwa, handaki la upepo ni gharama ndogo ukilinganisha na tangi moja. Kwa mradi mdogo, angalau ongezeni shinikizo kwa matangi ya nyuma na muandike kwa nini.

Nimekuja na modeli ya tangi hili kwenye kompyuta yangu, vipande 72, bamba moja la kimo cha mita 1 nimeligeuza makusudi na simwambii mtu lilipo. Baada ya chai karibuni mezani pale nyuma, muendeshe lile jaribio la shinikizo sawa, mlitafute. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nasubiri maswali yenu.